Oili ya Sintetiki Yapanda Bei Malindi: Uchambuzi wa Kisa cha Magari Matatu ya Familia Moja

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha familia moja ya Malindi inayoendesha magari matatu aina ya Toyota Probox, yote ya petroli na yote ya injini ya cc 1,500. Mawili kati yake hubeba samaki waliopangwa kwenye masanduku ya barafu hadi kwa wanunuzi wa Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. La tatu hukodishwa na wageni na wenyeji kwa safari za Watamu, Gede na Mambrui na, msimu wa watalii ukishika kasi, hadi Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Biashara hii haina karakana yake wala mhasibu. Ina baba mwenye magari, kijana wake anayetunza daftari, madereva, na fundi wa mtaani waliyefanya naye kazi kwa muda mrefu na wanayemwamini. Nilipokabidhiwa daftari hilo pamoja na bahasha ya risiti, swali lililoandamana navyo lilikuwa moja: oili ya sintetiki imepanda bei mno, na mara nyingine haipatikani kabisa mjini, je, waachane nayo?

Nimelichukua swali hilo kwa uzito kwa sababu linaulizwa na wenye magari wengi katika mwambao huu, na kwa sababu jibu la haraka la upande wowote lingeitia familia hasara. Anayesema "achaneni nayo, tieni ya kawaida" na anayesema "msibadilishe kamwe, lipeni tu" wote wawili hawajatazama injini inataka nini. Baada ya kulisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, nilifikia rai kwamba familia hii haikuwahi kukosa oili inayoifaa injini yao. Walichokosa ni oili ya uzito mmoja tu (uzito ni jinsi oili inavyotiririka, nyepesi au nzito, na huandikwa kwa namba kwenye galoni), na katika kuhangaika nayo walilipa bei ya uhaba wakati mmoja na kuiumiza injini wakati mwingine, ilhali oili ambayo mtengenezaji wa gari mwenyewe anairuhusu ilikuwa dukani siku zote.

Tangu magari yanunuliwe, yalikuwa yakitiwa oili ya sintetiki ya uzito wa 0W-20, kwa kuwa ndivyo mwenye magari alivyoelekezwa na aliyemuuzia. Kila kilomita 5,000 oili ilimwagwa, filta ikabadilishwa, na tarehe ikaandikwa. Mtindo huo ulidumu mpaka shilingi ilipoyumba. Mnamo Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifikia takriban shilingi 160 za Kenya, na kila kinachoagizwa kwa dola kikapanda nayo. Baadaye mwaka huohuo shilingi ilipata nguvu ikarudi karibu na 130, lakini risiti za familia hazionyeshi kwamba galoni ya oili ilirudi ilikokuwa. Kero yao juu ya jambo hili naiona ya haki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yana bei ya juu kabisa inayotangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo mwananchi huona zinapopanda na huona zinaposhuka. Oili ya injini haimo katika tangazo hilo, na anayeiuza halazimiki kumweleza mtu yeyote kwa nini dola imeshuka na galoni haikushuka.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba. Duka wanalonunulia likaishiwa 0W-20, na la jirani likabaki na galoni moja kwa bei ambayo baba hakuweza kuikubali. Fundi akampa ushauri ambao wengi wetu tumewahi kuusikia: "Ami, hii nyepesi ni ya Japani, kwenye baridi. Hapa kwetu joto. Tia 20W-50, injini itatulia." Baba akaridhia. Oili iliyonunuliwa ilikuwa ya kawaida, na kwenye maandishi madogo ya upande wa nyuma wa galoni, daraja la ubora lililotajwa ni SF la API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Pamoja na hayo, ili kufidia alichokwisha kulipa miezi ya nyuma, aliwaambia madereva wasisimamishe magari kwa ajili ya sevisi hadi msimu upite. Daftari linaonyesha kwamba gari la kwanza la samaki lilipita kilomita 10,000 bila kumwagwa oili.

Dalili zilianza kwa sauti. Gari likiwashwa alfajiri, juu ya injini ulisikika mgongano wa chuma kwa muda mfupi, kisha ukatoweka. Baada ya wiki kadhaa nguvu zikapungua, hasa lilipokuwa limejaa barafu, na taa ya injini ikawaka. Kifaa cha kusomea kilitoa msimbo P0011, ambao maana yake ni kwamba shafti ya kemu, ile inayofungua vali za injini, imetangulia kupita majira ambayo kompyuta ya gari inayaamuru. Fundi alibadilisha vali ya VVT-i, inayoongoza oili ya kubadili majira hayo, kwa nyingine ya eksi-Japani, yaani iliyokwisha kutumika; taa ikazima, kisha ikarudi. Ni mara ya pili ndipo alipoifungua bolti iliyo kando ya vali hiyo kwenye kichwa cha injini na kuchomoa kichujio cha wavu kilichofichwa humo, kitu kisichozidi kiungo cha kidole kwa urefu. Macho ya wavu yalikuwa yamezibwa na tope jeusi linalonata, kiasi kwamba ukikielekeza kwenye jua mwanga haukupita. Kilioshwa kwa petroli kikapulizwa hewa, oili ikamwagwa na kubadilishwa, na msimbo haukurudi tena. Vali ya kwanza, iliyokwisha kutupwa, bila shaka haikuwa na kasoro yoyote, na bei yake pamoja na siku ambazo gari lilisimama zilizidi kwa mbali kile ambacho familia ilidhani imekiokoa kwenye oili.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima tukumbuke kwamba katika injini za namna hii oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Shinikizo lake ndilo linaloisukuma gia ya shafti ya kemu mbele na nyuma ili vali zifunguke mapema au baadaye kulingana na mwendo, na shinikizo hilo hupita katika njia nyembamba sana. Oili nzito huchelewa kuzipita njia hizo asubuhi injini ikiwa imepoa, na oili hafifu iliyokaa mno huacha masazo yanayoziziba. Je, kosa lilikuwa la uzito, la daraja, au la kilomita? Kwa maoni yangu uzito ndio wenye lawama ndogo kuliko yote. Kama ingekuwa 20W-50 ya daraja la kisasa na ikamwagwa kwa wakati, familia ingelipa kwa petroli zaidi na kwa uchakavu wa polepole, lakini sidhani kama kile kichujio kingeziba. Kilichokiziba ni oili ya daraja la SF kuachwa kwa kilomita 10,000. Taasisi ya API yenyewe inaeleza kwamba daraja hilo halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, na Probox ilianza kuuzwa mwaka 2002. Oili ya daraja hilo ingali inauzwa kwenye maduka yetu, juu ya rafu moja na zile za kisasa, na hakuna kinachomzuia mtu kuinunua kwa gari lisilostahili.

Hoja ya fundi kuhusu joto la pwani inastahili jibu la heshima, maana nusu yake ni kweli. Namba ya kwanza, ile inayofuatwa na herufi W, hupima oili kwenye baridi: ya 0W hupimwa kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, na ya 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Malindi usiku wa baridi kabisa hauyakaribii hayo, kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba gari la hapa halihitaji 0W kwa sababu ya hali ya hewa. Lakini namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito wa oili injini ikiwa moto, kwenye nyuzi 100, na joto hilo la injini halitokani na jua la nje. Themostati huizuia injini katika kiwango chake kilekile, iwe gari liko Limuru au Gongoni. Kwenye nyuzi 100, oili ya namba 20 huwa na uzito wa kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa kutiririka) 6.9 na 9.3, ya namba 30 kati ya 9.3 na 12.5, na ya namba 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kuruka kutoka 20 hadi 50 basi ni kuitia injini oili iliyo nzito zaidi ya maradufu ya ile iliyokusudiwa, wakati nafasi kati ya vyuma vyake ni ileile. Mafundi wetu walijifunza kazi kwenye Peugeot 504, Datsun na Land Rover za zamani, ambazo 20W-50 ilizifaa sana, na hekima hiyo waliipata kwa jasho. Haikuwa kosa kwa magari yale.

Jibu la swali la uzito lilikuwa ndani ya gari. Kwenye kabati dogo la dashibodi mlikuwa na kitabu cha mtengenezaji, kimeandikwa kwa Kijapani, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kukifungua. Lakini jedwali la oili halihitaji mtu ajue Kijapani, kwa kuwa namba zake zimeandikwa kama zinavyoandikwa kwenye galoni: 0W-20, 5W-20, 5W-30 na 10W-30. Uzito wa 0W-20 unapendekezwa kwanza kwa sababu unaokoa petroli na unarahisisha kuwaka kwenye baridi. Zile nyingine zinaruhusiwa. Kiasi kinachoingia, pamoja na filta, ni lita 3.7, na kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na kubakiza kidogo. Kuhusu muda wa kumwaga, utaratibu wa Toyota kwa magari ya petroli yasiyo na tabo huko Japani ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na kilomita 7,500 au miezi sita kwa matumizi magumu. Gari la samaki, linalobeba uzito na kuunguruma kwenye foleni ya Mtwapa, na hata lile la kukodi linaloingia vumbi la mbugani, yote ni ya matumizi magumu.

Sasa kuhusu bei yenyewe, kwa nini ni 0W-20 iliyopanda na kutoweka kwanza, wakati 20W-50 haikukosekana hata siku moja? Oili ya injini ni mchanganyiko wa oili ya msingi na viungo vya kemikali. API huzigawa oili za msingi katika makundi matano. Matatu ya kwanza kwa kawaida hutokana na mafuta ghafi, na kadiri namba inavyopanda ndivyo usafishaji unavyokuwa wa kina. Kundi la tatu huvunjwavunjwa kwa haidrojeni mpaka uzito wake usibadilike sana kati ya baridi na joto. Kundi la nne ni PAO, inayoundwa viwandani kutokana na ethilini, na la tano ni mengineyo yote, zikiwamo esta. Oili nyingi inayouzwa leo kwa jina la sintetiki ni ya kundi la tatu. Jambo hili lilipata nguvu mwaka 1999 nchini Marekani, pale chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo kilipoamua malalamiko ya Mobil dhidi ya Castrol kwa kukubali kwamba oili ya kundi hilo iitwe sintetiki; Ujerumani walibaki na msimamo mkali zaidi. Mnunuzi wa Malindi anayelipa zaidi kwa sababu tu ya neno hilo kubandikwa kwenye galoni anapaswa kulijua hili.

Oili ya 10W-30 inaweza kutengenezwa vizuri kwa oili ya msingi ya kundi la pili, ambayo ina viwanda vingi. Ya 0W-20 haiwezekani bila kundi la tatu au zaidi, kwa sababu oili nyepesi ya makundi ya chini ama huganda kwenye baridi ama huvukiza upesi kwenye joto. Viwanda vikubwa vya kundi la tatu ni vichache na vimekusanyika mahali pachache. Viko Korea Kusini, na viko Ghuba: Sitra huko Bahrain, Ruwais katika Falme za Kiarabu, na Ras Laffan nchini Qatar, ambako mtambo wa Pearl ulioanza kazi mwaka 2011 hugeuza gesi asilia kuwa mafuta na oili ya msingi. Vyote hivyo vitatu vya Ghuba viko ndani ya mlango wa Hormuz, ule mkondo mwembamba ambao meli hupitia kutoka Ghuba. Bandari zetu hizi zilifanya biashara na upande ule kwa majahazi kwa karne nyingi, na mpaka leo tatizo la mlango ule linafika Malindi, safari hii kwa njia ya galoni ya oili. Tukiongeza kwamba magari mapya ya Japani na Ulaya yanazidi kuhitaji oili nyepesi, tunaona kwamba kiwango kilekile cha oili ya kundi la tatu kinagombaniwa na wanunuzi wengi zaidi kila mwaka.

Njia ya majini nayo ina sehemu yake. Tangu meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zilizotoka Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na oili iliyojazwa kwenye galoni huko ikafika Mombasa ikiwa imechelewa na imelipiwa nauli kubwa. Ile inayotoka Ghuba haikupita huko. Kenya haizalishi oili ya msingi. Hata kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimamisha usafishaji mwaka 2013. Wanaochanganya oili hapa nchini huagiza oili ya msingi na viungo kwa dola, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 inakuja juu ya yote hayo.

Hata hivyo, sababu iliyoifanya rafu ya Malindi kuwa tupu mwezi wa Desemba haikuwa Hormuz. Nilizungumza na mwenye duka la spea, naye alinieleza bila kuficha. Wateja wake wa kila siku ni bodaboda na tuktuk, kisha malori na matatu za dizeli zinazotumia 15W-40. Katoni ya 0W-20 akiileta hukaa miezi; "pesa inakuwa imelala," alisema, na mtaji wake ni mdogo. Kwa hiyo huagiza chache. Desemba magari ya likizo yanateremka kutoka Nairobi, mengi yakiwa mapya na ya oili nyepesi, na mengine yanafikisha kilomita zake za kumwaga oili njiani. Katoni chache alizo nazo zinaondoka kwa siku chache, na mteja wa mwaka mzima anakuta hakuna. Kwa bahati mbaya huo ndio msimu ambao hoteli zinahitaji samaki wengi na gari haliwezi kusimama. Uhaba wa namna hii unajulikana kabla haujafika, na hakuna sababu ya familia kuupokea kila mwaka kama ajali.

Nikaketi na kijana wa daftari tukapiga hesabu kwa kilomita badala ya kwa galoni. Bei ninazotumia hapa ni za mfano, na kila msomaji aweke za duka lake. Tuseme galoni ya 20W-50 ya kawaida ni shilingi 2,600 na ya sintetiki 5W-30 ni 5,200, filta ikiwa 600. Ya kawaida, ikimwagwa kila kilomita 5,000, inagharimu senti 64 kwa kilomita. Ya sintetiki, ikimwagwa kila kilomita 7,500 kama utaratibu wa matumizi magumu unavyoruhusu, inagharimu senti 77. Tofauti kwa safari ya kwenda Mombasa na kurudi, kilomita 240, ni kama shilingi 32. Gari hilo likienda kilomita 15 kwa lita, safari hiyo inakula lita 16 za petroli. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 2,880. Oili nzito ikiongeza matumizi kwa asilimia 2 tu, hasara ni shilingi 58 kwa safari, na faida yote ya galoni rahisi imekwisha kumezwa na kuzidiwa.

Lakini hesabu hiyohiyo inatuonyesha jambo ambalo baba hakulifurahia, nami sikuona vyema kumficha. Kwa miaka yote aliyotumia sintetiki alikuwa akiimwaga kwa kilomita 5,000 kama oili ya kawaida. Kwa mtindo huo, kwa bei hizo za mfano, kilomita moja inagharimu shilingi 1.16, na tofauti na oili ya kawaida inafika shilingi 125 kwa safari, kiasi ambacho petroli inayookolewa haiwezi kukifidia. Yaani alinunua oili ya kudumu na kuitumia kama isiyodumu, kisha msimu wa Desemba akanunua isiyodumu na kuitumia kama ya kudumu. Hapo ndipo fedha zilipopotea.

Pendekezo nililotoa kwa magari mawili ya samaki ni 5W-30 ya sintetiki ya daraja la API SP, imwagwe kila kilomita 7,500, na filta ya hewa ikaguliwe kila oili inapomwagwa, maana vumbi linalopenya huko huichafua oili upesi. Daraja la SP lilianza Mei 2020, na lililolifuata, SQ, lilianza Machi 2025; lolote kati ya hayo linazidi mahitaji ya injini hizi. Ikikosekana 5W-30, itiwe 10W-30 yenye daraja la SN au jipya zaidi, iwe ya sintetiki au nusu sintetiki, na muda urudishwe kilomita 5,000. Uamuzi uanzie kwenye uzito unaoruhusiwa, ufuate daraja, na neno sintetiki lije mwisho. Fundi alilipokea pendekezo hili vizuri kuliko nilivyotarajia, hasa baada ya kuliona jedwali la kitabu kwa macho yake, na yeye ndiye aliyeshauri kwamba magari yatiwe oili ya msimu mwezi wa Novemba, kabla wageni hawajateremka.

Ununuzi nao umebadilika. Familia imekubaliana na mwenye duka kwamba watalipia katoni moja mapema, yeye aiagize pamoja na mzigo wake wa kawaida kutoka Mombasa. Kwake pesa hailali, na kwao bei inashuka kidogo. Walifikiria kununua pipa, na shemeji yao wa Lamu mwenye boti za abiria za Mokowe alitaka waligawane. Hapo nilipinga kabisa. Injini za boti za viharusi vinne zinahitaji oili yenye alama ya FC-W, ambayo imepimwa kwa kutu, kwa sababu ya maji ya chumvi, na oili ya gari haina kipimo hicho. Kwa sababu nyingine, isitiwe pia kwenye pikipiki za madereva: klachi ya pikipiki nyingi imezama ndani ya oili ileile ya injini, na viungo vya kupunguza msuguano vilivyomo katika oili nyepesi ya gari huifanya iteleze. Pikipiki inataka alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Oili moja kwa vyombo vyote ingekuwa rahisi kuinunua, na ingeharibu viwili kati ya vitatu.

Bei inapopanda, bandia nazo huongezeka, na hili linanitia hofu kuliko bei yenyewe. Galoni tupu za oili ghali zina wanunuzi, na mtu anayenunua galoni tupu yenye kifuniko kizima hainunui kwa ajili ya maji. Familia sasa hutoboa kila galoni kwa msumari kabla ya kuitupa, na haikubali galoni ambayo pete ya kifuniko imelegea au imekatika. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, huweza kuhakikiwa kwa kutuma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, jambo linalochukua muda mfupi mtu akiwa bado amesimama dukani. Oili chafu iliyomwagwa inakusanywa kwenye jerikeni na kuwekwa mbali na watoto. Wengi mjini huichukua kupaka boriti dhidi ya mchwa, na walau haimwagwi mchangani karibu na visima.

Gari la tatu, lile la kukodi, sikuliingiza katika pendekezo hilo. Linakula oili: kati ya sevisi moja na nyingine huongezwa, na likiwashwa baada ya kulala hutoa moshi wa buluu. Kulitia sintetiki ya bei ya juu ni kuichoma kupitia ekzosi, na kulitia 20W-50 ili kuuficha moshi ni kuahirisha matengenezo huku kile kichujio cha VVT-i kikirudishwa kwenye hatari ileile. Kwa sasa linatiwa 10W-30 ya nusu sintetiki ya daraja la SN, inamwagwa kila kilomita 5,000, na dereva wake huchomoa kijiti cha oili kila anapojaza petroli na kuandika alichoongeza. Mgandamizo wa silinda zake utapimwa kabla ya msimu. Ikionekana kwamba ni mihuri ya vali tu, itabadilishwa bila kufungua injini yote, na ikiwa ni ringi za pistoni, baba ataamua kama gari hilo linastahili gharama hiyo au liuzwe kama lilivyo, mnunuzi akielezwa hali yake.